Mgawo wa Gizani

Baba aligawa kihamba mchana, watu wakiona.
Ilikuwa Uru, mwezi wa sita, ukungu umekalia migomba.
Alipanda masale mpakani, akahesabu mibuni kwa fimbo:
thelathini na mmoja kwa Ndetaulwa,
thelathini kwa Aminieli, na ng'ombe mwekundu wa kufidia.
Hata zamu ya mfereji aliigawa, Jumanne na Ijumaa,
maji yasije yakagombanisha ndugu.
Mimi, binti, nilipewa sufuria na baraka.

Kumbe alishagawa kitu kingine zamani,
bila fimbo, bila shahidi, taa imezimwa,
yeye na mama, kila mmoja akitoa nusu asiyoijua:
maandishi marefu kuliko njia ya kwenda Tanga na kurudi,
yamekunjwa ndani ya chembe
isiyojaza hata ncha ya sindano.

Ndugu zangu walipulizia mibuni mrututu tangu ujana,
bomba mgongoni, kipande cha kanga mdomoni.
Hakuna aliyevuta sigara.
Moshi walioujua ni wa jiko la mama,
na Moshi huu mwingine, mji,
uliotupokea na mafaili mawili kwapani.

Picha zao zilibandikwa kwenye kioo chenye mwanga:
pafu la kaka, pafu la mdogo,
vivuli viwili, kila kimoja kama kokwa la parachichi.
Saratani ileile. Hatua ileile. Dripu ileile,
hata muuguzi mmoja, mwenye kuimba puani.
Aminieli alitoka akaezeka banda.
Ndetaulwa tulimzika mgombani
kabla mche alioupanda mwenyewe haujatoa mkungu.

Watu wakasema. Shangazi akakumbuka yule ng'ombe mwekundu.

Dokta Mtui alituchorea nyuma ya bahasha:
sentensi moja ya mwili, imenakiliwa mara mbili,
huku herufi hii, kule herufi ile.
"Uvimbe ni uleule. Mwenye nyumba ndiye si yuleyule.
Huenda mwili mmoja huivunja dawa upesi,
mwingine ukakaa nayo.
Huenda ni walinzi wa damu, wengine wepesi kuamka.
Huenda," akarudia, akiweka kalamu chini.
"Bado tunahesabu watu."

Nililipenda neno lile, nikalichukia.
Huenda si hati. Baraza la kata halilipokei.
Nitampelekeaje mjane,
anayekunja suruali za mtu asiyerudi?

Usiku Aminieli akaja jikoni kwangu.
"Aikande, nilichukua nini chake?"
Nikamwambia hukuchukua. Ulipewa,
na aliyekupa hakuona anachokupa,
wala wewe hukunyoosha mkono.
Akanyamaza. Kisha akakohoa,
na sote wawili tukaisikiliza ile kohozi
kama watu waliosikia hatua uani
wasijue ni jirani au nani.

Alhamisi nilishuka mjini wakanitoa damu,
chupa mbili, vifuniko vya zambarau.
Karatasi ikauliza: uhusiano na marehemu?
Dada.
Uhusiano na mgonjwa aliye hai?
Dada.
Katika mgawo huu, kwa mara ya kwanza,
binti nami nilihesabiwa.
Sikujua nifurahi.

Nikauliza kama Elirehema aje pia,
mtoto wa Ndetaulwa, ana miaka kumi na tisa.
"Akitaka mwenyewe," Dokta akasema,
"na ajue jibu laweza kuchelewa kuliko yeye."

Nilirudi jua likiwa limeinama.
Nikamkuta kwenye ile mibuni thelathini na mmoja,
bomba la baba yake mgongoni,
majani yamekuwa ya buluu,
mdomo wazi, anapiga mluzi.

Sikumwambia habari za herufi.
Nilifungua kitambaa changu kichwani,
nikamfunga mdomo na pua, fundo mbili, nikakaza.
Akacheka humo ndani.
Nikashika mpini wa bomba, nikamwambia:
safu inayofuata ni yangu.